Kuzima Taa si Kutengeneza Gari

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo ya wahenga ingefaa kubandikwa katika kila gereji ya jimbo la California, nchini Marekani, ambako wenye magari wengi hutakiwa na sheria kuyapeleka magari yao kila baada ya miaka 2 kupimwa moshi. Maana siku chache kabla ya ukaguzi huo ndipo huzuka mafundi wenye dawa ya haraka. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi? Fundi huchomeka kifaa chake, hufuta namba za hitilafu, taa huzimika, mteja hulipa na kuondoka akifurahi. Gari lake ni bovu kama lilivyokuwa asubuhi.

Ukaguzi huo haukubuniwa ili kuwasumbua wananchi. Mnamo Julai 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mchungu uliowatoa watu machozi, hata baadhi yao wakadhani limeshambuliwa kwa gesi za kivita. Mapema katika miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit alidhihirisha chanzo chake: mvuke wa petroli na gesi zinazotoka katika mabomba ya moshi ya magari, vikichomwa na jua, hugeuka sumu hewani. Adui hakutoka ng'ambo. Alikuwa ameegeshwa mlangoni mwa kila nyumba. Tangu mwaka 1984 jimbo hilo likaweka utaratibu wa kupima magari mara kwa mara.

Yafaa ieleweke jinsi kipimo cha siku hizi kinavyofanya kazi, kwani ulaghai wote huota mizizi palipo na ujinga. Magari madogo ya petroli yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Marekani tangu toleo la mwaka 1996 yana kompyuta inayojichunguza yenyewe. Ikiona hitilafu inayoweza kufanya uchafu wa moshi upite kiasi kilichoruhusiwa, kwa kawaida mara moja na nusu ya kiwango, huwasha taa na kuweka namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake. Kwa magari ya petroli ya toleo la mwaka 2000 na baadaye, wakaguzi wa California hawachomeki tena bomba la kupimia moshi katika ekzosti. Tangu mwaka 2015 wao huchomeka waya katika soketi iliyo chini ya dashibodi na kuisikiliza kompyuta inasema nini.

Hapo ndipo mjanja hunaswa. Kompyuta hiyo ina vipimo vya aina mbili. Vipo vinavyofanyika wakati wote injini inapounguruma, kama vile kuchungulia iwapo kila silinda inachoma mafuta sawasawa. Vipo vingine vinavyongoja hali maalumu: kipimo cha masega yanayosafisha moshi, cha sensa za oksijeni, na cha mvuke unaovuja kutoka katika tangi la mafuta. Fundi akifuta namba za hitilafu, au akichomoa waya wa betri, mara nyingi vipimo hivi vya pili hurudi mwanzo na kuandikwa kuwa havijakamilika. Mkaguzi akichomeka waya, taa imezimika kweli, lakini kompyuta inakiri kwamba haijapima chochote. Gari la petroli la toleo la mwaka 2000 au baadaye huruhusiwa kubaki na kipimo kimoja tu kisichokamilika, kile cha mvuke wa tangi. Likikosa kingine, linarudishwa.

Aidha, tangu Julai 1, 2019, jimbo hilo linatazama namba za kudumu zilizomo katika magari ya toleo la mwaka 2010 na baadaye. Namba hizo hazifutwi kwa kifaa cha fundi wala kwa kuchomoa betri. Hufutika pale tu kompyuta yenyewe inapopima na kuridhika kwamba ubovu umekwisha. Kwa hiyo mbio za sakafuni zimefika ukingoni.

Basi mwenye gari mwaminifu afanye nini? Jambo la kwanza ni kutengeneza ubovu wenyewe kabla ya kufuta chochote. Betri dhaifu ibadilishwe mapema, maana ikikata umeme kumbukumbu nayo hupotea. Kifuniko cha tangi kikazwe barabara. Kifuniko kilicholegea kimewapotezea wengi fedha. Baada ya hapo gari liendeshwe siku kadhaa katika shughuli za kawaida. Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi baada ya kulala usiku kucha. Gari lipite mjini kwenye kusimama na kuondoka, kisha lipite barabara kuu kwa mwendo usiobadilika-badilika. Tangi lisiwe tupu wala lisijazwe pomoni, kwani kipimo cha mvuke hakifanyiki katika hali hizo. Kila kampuni ya magari ina masharti yake, na kitabu cha gari au fundi mwenye ujuzi ndiye wa kuulizwa. Ufunguo ukigeuzwa kabla ya injini kuwaka, taa ya injini nayo haina budi kuonekana. Aliyeichomoa balbu yake atarudishwa vilevile. Mwisho, gereji yoyote yenye kifaa cha kusomea inaweza kusema vipimo vipi vimekamilika kabla mwenye gari hajalipia ukaguzi.

Wapo wasemao kwamba sheria hii ni mzigo kwa kabwela. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Mfanyakazi anayekwenda kazini kwa gari la miaka 15 hana akiba ya kununua masega mapya, na gari likikataliwa, usajili wake hukwama na riziki yake hutikisika. Lakini je, ni nani anayevuta moshi huo? Si tajiri aliyejenga juu ya vilima vya pwani, penye upepo safi. Ni watu wa Boyle Heights, waliozungukwa na barabara kuu, na watu wa Wilmington, waliokaa ubavuni mwa bandari na viwanda vya kusafishia mafuta. Mtoto wa kabwela ndiye anayekohoa. Dawa, basi, si kuulegeza ukaguzi bali ni kumsaidia asiye na uwezo atengeneze gari, na jimbo hilo lina mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo. Mpango wa namna hiyo ndio wa kupanuliwa. Fundi anayemwuzia kabwela taa iliyozimwa hamsaidii. Anamnyonya mara mbili, kwa fedha yake na kwa mapafu ya watoto wake.

Wala isidhaniwe kwamba ulaghai ni tabia ya watu wadogo peke yao. Mnamo Septemba 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni kubwa ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua pale gari linapopimwa, ikasafisha moshi kwa muda huo tu. Barabarani baadhi ya magari hayo yalitoa gesi za oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani. Mabepari wale walifanya kwa mamilioni ya magari kile ambacho fundi wa uchochoroni hufanya kwa gari moja: walikifundisha kipimo kusema uongo.

Jambo hili linaihusu Afrika Mashariki pia. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi kati yake yaliletwa Afrika. Gari lililochoka huko ndilo gari jipya Dar es Salaam na Mombasa. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi, ambayo huyaua masega, ilikwisha kuondolewa katika nchi zilizo kusini mwa Sahara. Lakini petroli safi haina maana ikiwa masega yameng'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake ya platinamu na paladiamu, na taa ikazimwa ili mnunuzi asijue.

Mnunuzi wa gari, basi, asitosheke kutazama rangi na viti. Aombe kompyuta ya gari isomwe mbele yake, na aulize si taa tu, bali pia vipimo vimekamilika au vimefutwa jana. Fundi naye akumbuke kwamba ujuzi wake ni amana ya jamii. Na wenye mamlaka ya kuweka viwango yawapasa wajifunze kutoka California kwamba ukaguzi unaotazama taa peke yake ni mlango ulio wazi; hauna budi kudai ushahidi kwamba mashine imejipima kweli.

Taa ya injini si adui wa mwenye gari. Ni mlinzi anayepiga kelele usiku. Anayemziba mlinzi mdomo ili alale vizuri asimlaumu mwizi asubuhi.