TAKATAKA AU SANAA?

Muhula uliopita mwenzetu alileta darasani picha ya mama aliyoitengeneza kwa vifuniko vya soda na waya. Hakuwa na pesa za rangi. Mmoja wetu akapiga kelele, "Peleka hiyo kwa shimo ya takataka!" Darasa zima likacheka. Nami, nasikitika kusema, nilicheka. Leo nashika kalamu kwa sababu ya kicheko hicho.

Kosa letu ni kudhani kwamba sanaa hutoka dukani. Hebu tumtazame El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka wa 1944 na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, mjini Nsukka. Yeye na wasaidizi wake huponda vifuniko vya chupa za pombe na kuviunganisha kwa waya wa shaba, hadi vinakuwa kama shuka la kufunika ukuta mzima. Mwaka wa 2015 alituzwa Simba wa Dhahabu mjini Venice, Italia. Kwa nini vifuniko vya pombe? Kwa sababu pombe ni miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walileta Afrika Magharibi kubadilishana, hata na watumwa. Rangi ya dukani isingebeba habari hiyo.

Hapa kwetu Nairobi yuko Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani ya ajabu kwa waya na vyuma vilivyotupwa. Alipokuwa mtoto alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee!

Kuna watakaoniuliza, "Basi fundi wa jua kali anayegeuza mkebe kuwa koroboi naye ni msanii?" Jibu langu ni hili: koroboi tunaiuliza kama itawaka. Sanaa tunaiuliza inasema nini. Wala sisemi kila takataka ni sanaa. Nikimwaga pipa la darasa mezani, huo ni uchafu tu, na nitafagia wiki nzima. Lazima kuwe na wazo na jasho.

Je, picha ya mwenzetu ilisema nini? Hatukumuuliza siku ile. Nilimuuliza baadaye, naye ameniruhusu niandike. Yule ni mama yake mzazi, ambaye huuza soda kwenye stendi ya matatu. Kila kifuniko kilitoka kwenye chupa aliyoifungua kwa mkono wake. Karo yetu hutoka wapi, jamani, kama si kwa mikono kama hiyo?

Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Walimu wetu, kwa heshima na taadhima, naomba kazi za namna hii zipewe nafasi ukutani katika maonyesho yetu, karibu na zile za rangi.

Nawe ndugu yangu, pole. Usiitupe picha ile.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu