Kadi ya Mfasiri Inene Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza. Kwa kuishikilia kauli hiyo, wahitimu wengi wa Kiswahili huidharau kadi ya biashara; na mfasiri aliye nayo aghalabu huichapisha kwa Kiingereza pekee, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, mteja ataujuaje umahiri wake? Ubunifu wa kadi haumo katika rangi na mng'ao. Leso za Kaderdina wa Mombasa zimetambulika vizazi na vizazi kwa maneno matatu: "Mali ya Abdulla". Vivyo hivyo, kadi ya mfasiri na ibebe jina, huduma na sentensi moja ya Kiswahili isiyo na dosari. Hiyo ndiyo sampuli ya kwanza ya kazi yake. Kizuri chajiuza, naam, lakini sharti kwanza kionekane.