Shule si Gulio



Kila mwaka, shule za binafsi zinapotangaza nafasi za kidato cha kwanza, tunaliona jambo lile lile. Wazazi wanapanga foleni kununua fomu. Watoto wanaketi kwenye mtihani wa usaili. Baada ya siku chache majina yanabandikwa ukutani. Mtoto mwenye alama za juu, ambaye wazazi wake wana ada, anaingia. Mwenye alama za juu asiye na ada anarudi nyumbani. Mwenye ada asiye na alama anaambiwa akajaribu kwingine. Yule asiye na ada wala alama hakufika hata langoni. Na katika baadhi ya shule hizo, juu ya lango pana msalaba.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeona kuwa kulinyamazia jambo hili ni kulishiriki. Wengi wetu tumelizoea hata tunalidhania kuwa ni desturi ya dunia, kama mvua na kiangazi. Sivyo. Lina mafundisho yake na waalimu wake, na yafaa waamini wayajue mafundisho hayo ili wayapime.

Mwaka 1955 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba serikali inaweza kulipia elimu bila kuendesha shule. Mzazi apewe hati yenye thamani ya fedha, aipeleke katika shule aipendayo, na shule zishindane kuipata. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa nchi hiyo hiyo, John Chubb na Terry Moe, walikwenda mbali zaidi. Walidai kuwa shule za umma ni dhaifu kwa sababu zinatawaliwa kisiasa, na kwamba dawa yake ni kuziweka mikononi mwa mzazi aliye mnunuzi. Katika sosholojia ya elimu mafundisho haya huitwa mtazamo wa uliberali mamboleo. Kiini chake ni kifupi: shule ya umma ni duka pekee mtaani, na mwenye duka pekee hana sababu ya kumjali mteja. Mletee mshindani, naye atajirekebisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu hawa hawakuzua kila walichosema. Nani kati yetu hajaona shule ya umma ambamo mwalimu haingii darasani na hakuna wa kumuuliza? Nani hajasikia mzazi akijibiwa kwa dharau na ofisi ambayo mshahara wake unatokana na kodi yake? Tena Kanisa lenyewe, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, limefundisha kwamba wazazi wana haki ya kuwachagulia watoto wao shule. Haki hiyo hatuikani. Tunachouliza ni hiki: soko linampa nani uwezo wa kuchagua?

Tazameni gulio lolote. Mnunuzi huzunguka, huzibonyeza nyanya moja moja, akaziacha mbovu. Kwa kufanya hivyo humlazimisha mkulima kuleta nyanya bora. Lakini sifa ya shule hutokana na watoto wanaoingia humo, kiasi kile kile inavyotokana na waalimu wake. Kwa hiyo mwenye shule akitaka sifa kwa njia ya mkato, hahitaji kufundisha vizuri zaidi. Inatosha kuchagua watoto vizuri zaidi. Hapo gulio limepinduka. Muuzaji ndiye anayembonyeza mtoto wa mnunuzi, na akimwona ana doa anamrudisha kapuni.

Hatusemi haya kwa kubahatisha, kwa maana yamekwisha kujaribiwa. Nchini Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1988 iliruhusu wazazi kuchagua shule na kufanya fedha zifuate idadi ya wanafunzi. Tangu mwaka 1992 matokeo ya shule yakachapishwa katika orodha ili wazazi walinganishe. Wanasosholojia Stephen Ball, Sharon Gewirtz na Richard Bowe walichunguza soko hilo katika maeneo ya London, wakatoa kitabu mwaka 1995. Waliona kuwa wazazi wenye elimu na uwezo walijua kuzisoma orodha, kuzungumza na wakuu wa shule, na kugharimia usafiri wa mbali. Wazazi maskini waliwapenda watoto wao vivyo hivyo, lakini waliishia kwenye shule iliyo karibu. Nazo shule zikajifunza upesi ni mtoto gani ana faida na yupi ana hasara. Mwanasosholojia mwingine, Phillip Brown, alikuwa ameonya mwaka 1990 kwamba elimu ilikuwa inaacha kufuata uwezo na juhudi za mtoto, na kufuata mali na matakwa ya wazazi wake.

Chile ilikwenda mbali kuliko nchi nyingi. Mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet, ilianza kuzilipa shule za umma na za binafsi kwa kichwa cha mwanafunzi, karibu kama Friedman alivyoshauri. Wakati huo takribani wanafunzi wanane katika kila kumi walisoma katika shule za umma. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 hawakuzidi wanne. Shule za binafsi zilizopokea fedha za serikali ziliruhusiwa kuchagua wanafunzi, na baadaye kuwatoza wazazi nyongeza. Watoto wakatengana kwa tabaka kama mchele na pumba. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, wanafunzi walijaa barabarani kuupinga utaratibu huo. Hatimaye sheria ya mwaka 2015 iliamuru shule zinazopokea fedha za umma ziache kuchagua watoto, ziondoe hatua kwa hatua ada za nyongeza, na zisifanye elimu kuwa biashara ya faida. Taifa lililolionja soko hilo kwa zaidi ya miaka thelathini liliona haja ya kulifunga breki.

Na kwetu Tanzania? Sisi hatukupewa hata hiyo hati ya Friedman. Katika miaka ya mageuzi ya uchumi, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, tulipewa neno tamu lililoitwa kuchangia gharama. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa umekaribia asilimia 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Ada ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, watoto walifurika. Wanafunzi milioni 4.4 wa mwaka 2000 walikuwa wamezidi milioni 7 mwaka 2005. Waliosema kwamba maskini hawathamini elimu walijibiwa na watoto wenyewe, waliokuja wakakaa chini sakafuni kwa kukosa madawati.

Lakini mlango ulipofunguliwa huku, wenye uwezo walitokea mlango mwingine. Tangu miaka ya 1980, na hasa baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, shule za binafsi zimeongezeka. Mkubwa anayepanga bajeti ya shule ya kata hamsomeshi mwanawe hapo. Hakimu hamsomeshi hapo. Nasi tuseme kweli: mwenyekiti wa halmashauri ya walei, akipata nafuu kidogo, hamsomeshi hapo. Basi nani atakayepiga kelele choo kikibomoka au mwalimu wa hesabu akikosekana? Watetezi wa soko husema kwamba mzazi anayeondoka huitia shule adabu. Sisi tunaona kwamba mzazi anayeondoka huondoka na sauti yake, na wanaobaki ni wale ambao hakuna anayewasikiliza. Duka likifilisika, mwenye duka huhamia biashara nyingine. Shule ikifa polepole, mtoto hupoteza miaka minne ambayo hakuna fidia itakayoirudisha.

Sasa tuseme lililo gumu zaidi, kwa kuwa hukumu haina budi kuanzia katika nyumba ya Mungu. Shule zetu za kanisa zimeyameza mafundisho haya. Kwa miaka mingi zilitafuta nafasi katika orodha ya shule kumi bora kama timu za mpira. Mtoto aliyeshindwa kufikia wastani alikaririshwa darasa au kushauriwa kuhama kabla ya mtihani wa taifa, asije akachafua matokeo. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, likisema kwamba kufanya hivyo kulikuwa kuzitangaza shule kibiashara, na kwamba watoto hawasomi katika mazingira yaliyo sawa. Tunaona haya kwamba ilibidi chombo cha Serikali kitufundishe jambo ambalo Mtume Yakobo aliwakaripia Wakristo wa kwanza: kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na kumwambia maskini akae chini. Na lile tamko la mwaka 1965 tunalolishika tunapodai haki ya wazazi kuchagua, ndilo hilo hilo linaloagiza kwamba elimu ya Kanisa iwatangulize walio maskini. Hatuwezi kusoma ukurasa mmoja na kuuchana wa pili.

Tutaambiwa: waalimu watalipwa na nini? Swali hili ni la haki. Shule zetu hulipa mishahara, umeme na madawa, na ada ndiyo tegemeo lake. Hatusemi ada ifutwe kesho. Tunasema kwamba ada ni njia ya kuiendesha shule, nayo isiwe kipimo cha nani astahili kuingia. Na kumfukuza mtoto mzito wa kuelewa hakulipi mshahara wa mwalimu yeyote. Kunalipa majivuno yetu tu.

Kwa hiyo tunaomba, na pale tulipo na haki tunadai, mambo matatu. Kwanza, kila bodi ya shule ya kanisa iwaeleze waamini hadharani ni watoto wangapi maskini wamepokelewa na wangapi wameondolewa, na kwa sababu gani. Pili, desturi ya kumhamisha mtoto ili kulinda wastani ikomeshwe. Shule iliyompokea mtoto imfundishe mpaka mwisho. Tatu, kila parokia iijue shule ya Serikali iliyo karibu nayo kama inavyoijua shule yake yenyewe. Waamini wahudhurie mikutano ya wazazi, wasome matangazo ya mapato na matumizi, na waihoji halmashauri, hata wale ambao watoto wao wanasoma kwingine. Mtoto wa jirani si mteja wa mtu mwingine. Ni wetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Katika jumuiya yetu, ni mtoto gani hakuendelea na masomo mwaka huu? Ni nani aliyekwenda kumwuliza sababu?

2. Nani kati yetu alihudhuria mkutano wa mwisho wa shule ya Serikali ya hapa kijijini au mtaani? Kama hakuna, kwa nini?

3. Tungelikuwa sisi tumekaa kwenye meza ya usaili, mtoto asiye na ada wala alama tungelimwambia nini?