Diski Kubwa, Tairi Kipara

"Mzee, kaa kwa amani. Diski hizi nimeagiza Dar, kubwa kuliko za kiwandani, tena zina matundu. Nikigusa tu, gari hilo limesimama."

Maneno hayo nilipewa na kijana dereva wa Noah pale stendi ya Newala, tukimsubiri abiria wa mwisho wa kwenda Masasi. Wenzangu wakaguna kwa kuridhika. Mama mmoja akambariki. Mimi nikainama kutazama tairi la mbele: kipara kama kichwa changu.

Nimechoka na imani hii kwamba mwenye breki kubwa ndiye anayesimama mapema. Msimu wa korosho ukifika, hela ya mnada wa kwanza haijapoa mfukoni, kijana kashanunua rimu zinazong'aa, spika, na siku hizi diski. Mama yake bado ananunua maji kwa ndoo, lakini hayo tuyaache.

Breki haisimamishi gari. Breki husimamisha gurudumu. Gari husimamishwa na mpira unaogusa ardhi, na hapo unapogusa hapazidi sana kiganja cha mtu mzima. Noah yenye breki nzima za kiwandani, ikikanyagwa kwa nguvu zote, inaweza kuyafunga magurudumu yake hata kwenye lami kavu. Sasa gurudumu likishafungwa, diski kubwa italifunga mara ya pili? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lami kavu na tairi zima, gari huhitaji kama mita 35 tangu breki zishike. Kwenye changarawe hesabu 50 na kuendelea, hata ukifunga diski za ukubwa wa sinia la pilau. Na hapo sijaongeza mita 22 za kila sekunde uliyokuwa unasoma meseji.

Wapo wanaonijibu: "Mbona nikishabadilisha diski, pedali inakuwa ngumu, inashikia juu?" Hata kinu ni kigumu, na hakijawahi kusimamisha gari. Ugumu wa pedali ni habari ya mafuta na mabomba. Unapokanyaga, masta silinda inasukuma mafuta ya breki, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, msukumo unafika kwenye pistoni za magurudumu. Weka masta silinda nene zaidi: pedali itakuwa fupi na ngumu, lakini mguu utatoka jasho kuipata breki ile ile. Weka pistoni kubwa huko chini bila kugusa masta silinda: pedali itazama. Hakuna cha bure humo. Fundi wa chini ya mwembe hakukuambia haya kwa sababu ulimlipa afunge, hukumlipa apige hesabu.

Jambo moja nalikubali, kwa shingo upande: diski kubwa hubeba joto zaidi. Na huku kwetu, ukitoka juu uwandani kushuka Masasi, joto si mzaha. Kila mita 100 za kimo gari linazoshuka, ukiziachia breki kazi yote, ni sawa na kulisimamisha mara nne kutoka mwendo wa 80. Lakini dawa ya hilo ni gia ndogo, nayo haiuzwi dukani. Kijana wetu tulipoanza kuteremka alifanya nini? Akatia nyutro. Eti anabana mafuta! Injini za petroli za siku hizi, ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, hukata petroli yenyewe. Kwenye nyutro ndiko zinakokunywa, ili zisizime.

Halafu kuna mafuta ya breki yenyewe, yale ya DOT 3. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho huporomoka hadi 140. Na nimewaona kwa macho yangu wanaojazia maji ya sabuni, yanayochemka kwa 100! Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inagusa sakafu. Jioni redioni utasikia "breki zilifeli", kana kwamba breki ni mtahiniwa wa kidato cha pili. Tulipowalilia watoto waliokufa kwenye ajali ya basi la shule kule Mikindani, Julai 2022, neno lilikuwa hilo hilo, breki. Neno hilo likitamkwa msibani, mjadala umefungwa. Kinachofuata ni "kazi ya Mungu haina makosa" na sahani za wali.

Kwenye kioo cha Noah ile stika ya ukaguzi ilikuwapo, tena mpya. Aliyeibandika ningependa kujua kama aliinama.

Tulipofika Masasi, mikono yangu ikiwa bado imeng'ang'ania kiti, nilimuuliza kijana ni lini amebadilisha mafuta ya breki.

"Yale hayabadilishwi, mzee. Yanaongezwa tu."

Na tairi?

"Tairi mpaka msimu ujao."