Kibali cha Nguzo Kiwe Amana, Kisiwe Mtego

Mwezi wa Februari 2025 wakazi wa Nairobi walishuhudia jambo la aibu. Magari ya taka ya kaunti yalimwaga uchafu mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Kampuni hiyo ilikuwa imekata umeme katika ofisi za kaunti, ikidai shilingi zipatazo bilioni 3. Kaunti nayo ikajibu kwamba inaidai kampuni bilioni 4.9, ambazo ni ada ya nyaya na nguzo zinazopita katika ardhi yake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Na walioumia hapo ni wananchi, ambao ndio wanaolipa bili za mmoja na ushuru wa mwingine.

Ugomvi ule ulisemwa kuwa wa stima na ada. Kwa kweli uligusa jambo pana zaidi: nani mwenye amri juu ya nguzo iliyosimama mbele ya nyumba yako, na amri hiyo aitumie vipi? Maana siku hizi nguzo haibebi stima peke yake. Inabeba pia kebo za faiba ziletazo intaneti nyumbani, dukani, shuleni na katika zahanati. Anayeifungia nguzo amefunga mawasiliano ya mtaa, na anayemwachia kila mtu aipande apendavyo amehatarisha maisha ya watu. Katikati ya maovu hayo mawili ndipo penye kazi ya kibali cha mji. Kibali hicho ni amana waliyopewa wakubwa wetu kwa ajili yetu, na amana ina hesabu yake.

Hebu simama chini ya nguzo katika mitaa kama Umoja au Kayole, uinue macho. Juu kabisa zimepita nyaya za stima. Chini yake zimepangana kebo nyeusi za makampuni mbalimbali: hii imekazwa vizuri kwa vyuma vyake, ile imefungwa kwa kipande cha waya, nyingine imelegea hadi inakaribia paa la kibanda. Nyingi hazina kibandiko cha kumtaja mwenyewe. Lori refu likipita likainasa moja, nyumba kadhaa hukosa intaneti na wapita njia hawajui wampigie nani simu. Fundi naye akipanda hapo hajui kebo ipi inafanya kazi na ipi iliachwa na kampuni iliyokwisha kuhama. Kama zote zilipewa kibali, basi hakuna aliyekuja kukagua. Kama hazikupewa, basi hakuna aliyeuliza.

Sasa itazame njia ya kampuni inayotaka kufuata sheria. Kwanza hupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kisha huomba nafasi kwa mwenye nguzo. Kebo ikikata barabara ya kaunti, huenda kwa kaunti. Ikifika barabara kuu ya mjini, huenda KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Ikigusa barabara kuu ya kitaifa, huenda KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Kila mlango una fomu yake, ada yake na subira yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kampuni kubwa itavumilia na kuzipachika gharama hizo katika bili ya mteja. Kampuni ndogo ya vijana wa mtaani itachoka, kisha itapanda nguzo usiku bila kibali. Hivyo urasimu wenyewe huzaa uvunjaji wa sheria unaodai kuuzuia.

Wako watakaosema kwamba kaunti inahitaji mapato, na kwamba barabara inayochimbwa mtaro lazima mtu ailipie. Wamesema kweli. Kaunti ina haki ya kujua ni nani anayechimba, kumlazimisha afukie vizuri, na kutoza ada inayolingana na gharama ya kazi hiyo. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 209, inaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Lakini Ibara hiyohiyo inakataza mamlaka hayo yasitumike kudhuru sera za uchumi wa taifa au shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Intaneti inavuka mipaka ya kaunti zote 47. Na Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria na kwa njia ya haki. Ombi linalolala mezani bila jibu limevunja Ibara hiyo, hata kama hakuna hongo iliyodaiwa.

Wenzetu waliotutangulia katika jambo hili wamepata mafanikio na hasara, nasi tujifunze yote mawili. Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky huko Marekani, kampuni mpya ilipotaka kuweka kebo kwenye nguzo ililazimika kungoja kila kampuni ya zamani itume mafundi wake wasogeze kebo zao, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 baraza la mji lilipitisha sheria kwamba fundi mmoja aliyeidhinishwa asogeze kebo zote kwa safari moja. Kampuni ya AT&T ilikwenda mahakamani, na mwaka 2017 jaji wa shirikisho akaupa mji ushindi. Mwaka 2018 tume ya mawasiliano ya Marekani ikaweka kanuni ya namna hiyo kwa nchi nzima, ingawa yako majimbo yanayosimamia nguzo zao yenyewe. Mwaka huohuo ikaipa miji siku 60 za kujibu maombi ya kufunga antena ndogo za simu kwenye nguzo zilizopo, na siku 90 kwa nguzo mpya.

Lakini Louisville hiyohiyo ilionja uchungu wa haraka. Kampuni ya intaneti ya Google Fiber ilipewa ruhusa ya kulaza kebo katika mifereji myembamba isiyo na kina barabarani. Kebo zikaanza kuchomoza juu ya lami. Mwaka 2019 kampuni ikafunga huduma yake na kuondoka, ikakubali kuulipa mji dola milioni 3.84 za kutengeneza barabara. Mji ulilipwa kwa kuwa ulijua aliyechimba na ulikuwa na la kumdai. Jiulize, kampuni ikiondoka leo katika mtaa wako, kaunti yako itamdai nani?

Kwa hiyo, Waheshimiwa Magavana, yafanyeni haya. Fungueni dirisha moja la maombi, mkae na KURA, KeNHA na Kenya Power nyuma yake, msimtume mwananchi kuwazunguka. Tangazeni ada hadharani, nayo ilingane na gharama ya ukaguzi na ukarabati. Wekeni siku maalumu za kujibu, na mnapokataa mtoe sababu kwa maandishi, kama Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 inavyowaelekeza. Kisha pelekeni wakaguzi mitaani, maana kibali kisichokaguliwa ni karatasi tupu.

Nanyi wenye makampuni, bandikeni majina yenu kwenye kila kebo, teremsheni zilizokufa, na mumpe fundi wenu mkanda wa usalama kabla hajapanda. Mkidai mji uwaharakishie, uwakute nanyi mmetimiza wajibu.

Nawe msomaji, usidhani haya ni mambo ya wahandisi na mawakili. Serikali imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye tovuti ya eCitizen, na asiye na intaneti amefungiwa nje ya ofisi ya nchi yake. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha wa kila mwaka, ambamo ada hizi hupangwa, nenda. Uliza ada ya nguzo ni kiasi gani, inatumika kwa kazi gani, na ombi hujibiwa baada ya siku ngapi. Wakikosa jibu, uliza tena mwaka ujao, na siku ya kura ukumbuke.