BM iko juu ya mawe, washkaji wako wapi?

Kiangazi, BM iliyoshushwa ikipita Chemchem, mwenyewe hakosi washkaji. Kila mtu anataka selfi. Mvua za Novemba zikianza, gari linawekwa juu ya mawe likisubiri spea kutoka Gerezani, Dar, na washkaji wanayeyuka.

Amebaki mchizi mmoja tu, mwenye Golf kuukuu. Ndiye anayemshikia tochi uvunguni. Ndiye waliyepakizana naye bodaboda kwenda Kwihara, wakaserereka kwenye tope hadi penye tembe walimokaa Livingstone na Stanley kabla ya kuagana mwaka 1872. Hawakuposti hata picha moja.

Urafiki wa magari unapimwa masika, siyo siku ya rimu mpya. Haya, la kwako likizima, nani atakuja na spana?