Tandiko Lisilomkaa Farasi



Mwezi huu safu yetu inayaacha mambo ya jikoni na ya skuli na kuelekea zizini. Sababu ni barua iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja akaaye upande wa magharibi wa jiji hili la Sydney. Binti yake mwenye umri wa miaka 13 anajifunza kupanda farasi karibu na Horsley Park, pale ulipojengwa uwanja mkubwa wa farasi kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000. Wazazi wamemkodia farasi jike, aliyekuwa wa mashindano ya mbio miaka kadhaa iliyopita. Baba aliambiwa kwamba farasi wa mbio ni wembamba wa mgongo, akanunua tandiko jembamba lililokwisha kutumika, zuri la kutazama na la bei nafuu.

Tangu hapo farasi amebadilika. Akiliona tandiko linaletwa hulaza masikio nyuma. Ukanda wa tumbo ukikazwa hugeuza shingo kutaka kuuma. Akipandwa huenda kwa hatua fupi, na wiki mbili kabla ya barua kuandikwa alimtupa mtoto chini, ambaye kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakupata ila michubuko. Mama ameona pia jambo jingine, nami namsifu kwa jicho lake: tandiko likiondolewa, mgongo wote huwa umelowa jasho isipokuwa sehemu mbili kavu, kila moja kama kiganja cha mkono, nyuma ya mabega. Watu wa zizini wamemshauri mambo mawili, fimbo au kigodoro kinene zaidi cha kuweka chini ya tandiko. Yeye anauliza ni kigodoro cha aina gani kifaacho.

Jawabu langu ni kwamba asinunue kigodoro chochote, na fimbo aiweke kando, mpaka litazamwe tandiko lenyewe.

Watu wetu husema asante ya punda ni mateke. Mara nyingi nimejiuliza kama aliyeitunga methali hiyo aliwahi kuliinua shogi na kutazama kilichokuwa chini yake. Mnyama hana ulimi wa kusema hapa panauma. Alicho nacho ni masikio, meno, mkia na miguu, na hivyo ndivyo anavyovitumia. Sikatai kwamba wapo farasi wenye tabia mbaya. Lakini farasi aliyekuwa mpole mwezi huu akawa mkali mwezi ujao, na kilichobadilika katikati ni tandiko, ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Wasomaji wanaikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya Mtume (S.A.W.) kuingia katika bustani ya mmoja wa Ansari na kumkuta ngamia anayetokwa na machozi, akamtuliza kwa kumpangusa, kisha akamkabili mwenyewe na kumweleza kwamba mnyama wake amemshitaki kwa njaa na kwa kuchoshwa. Hakuagizwa mtu alete fimbo.

Basi tuliangalie tandiko, au seruji kama walivyoliita wazee. Wengi hudhani kuwa ni kiti cha kumstarehesha mpandaji. Kazi yake kubwa ni kumhifadhi farasi. Ndani mna kiunzi cha mbao au cha plastiki ngumu, chenye upinde wa chuma upande wa mbele. Chini ya kiunzi imo mito miwili iliyojazwa sufu, wa kulia na wa kushoto, na kati ya mito hiyo unapita mfereji. Mpandaji akikaa, uzito wake hutua juu ya misuli ya pande mbili za mgongo, na uti wenyewe hubaki huru chini ya mfereji. Upinde wa mbele ukiwa mwembamba kuliko mgongo, tandiko humbana farasi nyuma ya mabega mfano wa koleo. Ukiwa mpana mno, huzama likagusa kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya shingo, pale mabega yanapokutana. Na ikiwa mito inagusa mbele na nyuma tu, katikati pakaachwa wazi kama chini ya daraja, basi mzigo wote wa mtu hubebwa na ncha nne.

Majeshi yaliyajua haya kwa hasara, kwa kuwa askari ambaye farasi wake ana kidonda cha mgongo ni askari wa miguu. Mwaka 1891 Frederick Smith, tabibu wa wanyama katika jeshi la Uingereza, alichapisha kitabu kizima juu ya matandiko na vidonda vya migongo. Mambo ya msingi hayajabadilika sana tangu siku zake.

Namna ya kupima ni hii, nayo haihitaji chombo chochote ila mikono. Farasi asimame penye ardhi iliyo sawa, bila ya kitambaa wala kigodoro. Kwanza pitisha ncha za vidole kwa kukaza kidogo juu ya misuli ya pande zote mbili za uti, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni. Akinywea, au akiubonyeza mgongo chini kuukimbia mkono wako, mgongo unauma, na siku hiyo hapandwi. Tafuta pia nywele nyeupe zilizoota peke yake katika rangi nyingine, kwani hizo ni alama ya shinikizo la zamani. Kisha ligeuze tandiko uchunguze kiunzi. Shika mbele na nyuma ulikunje kwa nguvu za kiasi. Viunzi vingine vina chemchemi na hunesa kidogo, na hilo si kosa. Kikikunjika katikati au kikitoa mlio, kimevunjika, wala hapana haja ya kuendelea.

Likiwa zima, liweke mbele kidogo ya mahali pake, ulivute nyuma taratibu mpaka lisimame lenyewe. Hapa ndipo wanapokosea wanaoanza, tena na baadhi ya waliozoea: huliweka mbele mno, juu ya mfupa mpana wa bega. Mfupa huo hurudi nyuma kila farasi anapoutupa mguu wake mbele, na ukikutana na chuma cha tandiko hatua hufupika. Hatua fupi anazozieleza mama katika barua huenda zimeanzia hapo.

Sasa tazama kutoka mbele. Kati ya kinundu na upinde viingie vidole viwili au vitatu vilivyopangwa kwenda juu, na hata mpandaji akishakaa nafasi isipotee. Tazama kutoka nyuma: mwanga uonekane katika mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho, na upana wake uwe vidole vitatu au vinne. Ingiza kiganja chini ya upande wa mbele na ukiteremshe pole pole. Mbano uwe sawasawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa mkono unakwama mahali pamoja, pale ndipo farasi anapobanwa, na ikiwa mkono wako umeumia akiwa amesimama, fikiri juu ya mbio. Halafu upapase ubavu wake wa mwisho na kuufuata kwenda juu, kwani tandiko lisipite hapo. Mbele ya mpaka huo mbavu hushirikiana kuubeba mzigo, na nyuma yake hapana ubavu wa kusaidia. Mwisho weka kalamu ya risasi ya mviringo juu ya kikalio. Ikisimama katikati, vyema. Ikibingirika nyuma, mpandaji naye atakaa nyuma, hata akiwa na mwalimu hodari wa namna gani.

Turudi kwenye zile sehemu mbili kavu. Mtu anaweza kudhani kuwa pakavu ndipo penye nafuu. Mara nyingi ni kinyume chake: pamebanwa hata jasho lisipate kutoka. Huweza pia kuwa tandiko halipagusi kabisa, na ni kidole ndicho kitakachoamua kati ya hayo mawili. Lakini kwa mahali alipopataja mama, kwa ulinganifu wa pande zote mbili, na kwa farasi aliyeacha mbio akanenepa na kupanuka mabega, mimi naona dalili za upinde mwembamba. Mbio zenyewe zilikwisha zamani, na wembamba ule umekwisha pamoja nazo.

Ndiyo maana nikasema asinunue kigodoro. Ambaye kiatu kinambana hapati raha kwa kuvaa soksi ya pili. Kila unene unaoongezwa chini ya tandiko jembamba huzidisha kubana. Kigodoro hufaa kwa muda tu pale tandiko linapokuwa pana kidogo na fundi hajapatikana, au sufu inapokuwa imeshuka ikingoja kujazwa. Maduka huviuza vya kila rangi kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na bei zake, vikijumlishwa viwili vitatu, zingetosha kumlipa fundi.

Matengenezo hutegemea aina ya tandiko. Kampuni ya Bates ya Perth, hapa hapa Australia, hutengeneza matandiko, yakiwemo yale ya Wintec yasiyo ya ngozi, ambayo chuma chake cha mbele huweza kufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. Vipo vyuma vya saizi mbalimbali, na kila saizi ina rangi yake. Baba alitazame lake: likiwa la namna hiyo, gharama ni ndogo na kazi ni ya nusu saa. Likiwa la ngozi lenye kiunzi cha mbao cha kizamani, kupanua si kazi ya nyumbani, na mara nyingi haifanyiki. Mito ni rahisi zaidi. Fundi wa matandiko hutoa sufu iliyoganda mabonge na kujaza mpya, lakini sufu mpya hushuka baada ya miezi michache ya kupandwa, hivyo yafaa limrudie aiweke sawa.

Fundi akiwa mbali, chukua waya laini uwezao kukunjika na kubaki na umbo lake. Uukandamize juu ya mgongo wa farasi kwa upana, nyuma ya bega, kisha katikati, kisha karibu na ubavu wa mwisho. Kila mara uulaze waya juu ya karatasi na kuchora umbo lake, uandike tarehe. Mchoro huo ndio wa kwenda nao dukani. Kununua tandiko bila ya mchoro ni sawa na kumnunulia mtoto viatu hali amebaki nyumbani. Ama gharama ya kumwita fundi zizini, kuna familia zinazochangia safari moja kwa farasi watatu au wanne, na ada ya safari ikagawanywa.

Waliokulia Lamu hawatashangazwa na lolote katika haya. Kule punda hubeba mchanga, mawe na saruji katika vichochoro visivyopitisha gari, na ile zahanati ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary imetibu vidonda vya migongo kwa miaka mingi. Kanuni ya shogi ni ile ile ya tandiko: mzigo ulale juu ya pande mbili, uti uachwe, na kinachogusa ngozi kiwe laini, kisafi, kisicho na fundo la kamba. Kidonda cha mgongo hakiponi kwa marhamu ikiwa kesho yake shogi lile lile litarudi juu yake.

Limebaki suala la tandiko lenyewe, iwapo halitengenezeki. Baba anaweza kuliuza, kwani jembamba kwa farasi huyu huenda likamkaa mwingine, bali amweleze mnunuzi upana wake na sababu ya kuliuza. Likiwa limevunjika kiunzi halifai kuuzwa kwa ajili ya kupandia, hata kwa dola kumi. Kuficha aibu ya kitu unachouza hakuruhusiwi kwetu, na hapa atakayeumia ni farasi asiyekuwapo sokoni na mtoto wa watu.

Kwa sasa, mama, farasi apumzike. Binti amtembeze kwa kamba, akitembea mwenyewe kwa miguu, na kila siku aupapase mgongo kama nilivyoeleza. Ikiwa baada ya siku kadhaa bado ananywea, au pamevimba, aonwe na daktari wa wanyama kabla ya kufikiria tandiko lolote, jipya au la zamani. Siku atakapowekewa tandiko lililopimwa msitarajie masikio yatulie papo hapo. Farasi hukumbuka maumivu, na huenda akalaza masikio kwa wiki kadhaa hata pasipo na kinachomuuma. Mvumilieni, na ukanda wa tumbo mkaze kwa hatua, tundu moja moja.

Na karatasi ile ya mchoro msiitupe. Mwezi wa Septemba majani yakichipua farasi wa Sydney hunenepa upesi, basi rudieni waya mahali pale pale, na mlinganishe mistari miwili kabla ya kumwambia fundi kwamba kazi imekwisha.